Ovakloki na akiba ya kiwandani: kutoka IBM AT ya 1984 hadi kisiwa cha Remba

Leo tunaacha kidogo mambo ya kuandika programu, tunafungua kasha la kompyuta na kuingia mle ndani penye feni na vumbi. Mada ni ovakloki, yaani kuifanya prosesa ikimbie kuliko kasi iliyoandikwa na kiwanda. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu inaonekana kama kitu cha bure: unaingia kwenye BIOS, unabadilisha namba moja au mbili, na kompyuta ya bei ndogo inaanza kushindana na ya bei kubwa. Nitasimulia historia yake ya miaka arobaini, halafu tuipeleke Remba tuone kama hesabu itatoka vilevile.

Kwa nini Remba? Kwa asiyekijua, hicho ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, kaunti ya Homa Bay. Kiko karibu na Ringiti, na si mbali sana na Migingo ya kaunti ya Migori, ile iliyoleta mzozo mkubwa kati ya Kenya na Uganda mwaka 2009. Nyumba za mabati zimebanana, wavuvi wanatoka nchi zote tatu za ziwa hili, na umeme umekuwa wa jenereta, sola na betri. Mimi huenda huko kwa sababu ya programu ninayoitunza: daftari la kilo za samaki zinazopimwa ufuoni, pamoja na deni la kila mwenye boti. Kompyuta inayoliendesha ni ya mezani, imeshatumika kwingine kabla ya kufika hapo. Ikifa siku ya malipo, kuna watu watalala bila kujua wanadai ngapi, na wengine watakaofurahi kwamba deni lao limepotea. Kipuri kiko ng'ambo ya maji. Kwa hiyo huko swali la ovakloki si la mchezo.

Akiba ni nini?

Tuanze na msingi. Prosesa ina mapigo, kama ngoma inayowaongoza wapiga makasia. Kwa kila pigo, mamilioni ya transista hubadilika hali, kisha husubiri pigo linalofuata. Gigahezi 3 maana yake ni mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ukiharakisha ngoma kupita kiasi, baadhi ya transista zitakuwa hazijamaliza kazi pigo lijalo linapofika, na jibu litakuwa si sahihi. Dawa ya hilo ni kuongeza volti, kwa sababu volti zikipanda transista hubadilika haraka zaidi. Lakini hapo ndipo gharama inapoingia. Joto linalotokana na kazi ya prosesa hufuata kasi mara volti, halafu mara volti tena. Volti inahesabiwa mara mbili.

Chukua kalamu. Prosesa inakula wati 65. Ongeza kasi kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10. Hesabu ni 1.2 mara 1.1 mara 1.1, yaani 1.45. Wati 65 zimekuwa 94. Umepata moja ya tano ya kasi, umelipa karibu nusu nzima ya joto.

Sasa, kiwanda huamuaje kasi ya kuandika? Chipu hupimwa na kupangwa kwa madaraja. Kasi inayoandikwa ni ile ambayo hata chipu dhaifu ya daraja lile itaitimiza, katika chumba chenye joto la juu kabisa linaloruhusiwa, kwa umeme ulioyumba hadi mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa, na ikiwa imeshazeeka. Pengo lililopo kati ya kasi hiyo na kile chipu yako inachoweza leo, ikiwa mpya na mahali pa baridi, ndilo ninaloliita akiba. Akiba hiyo inalipia mambo matatu: joto la mahali, umeme usiotulia, na uzee.

Uzee huu ni wa kweli kabisa. Mwaka 1969 James Black, mhandisi wa Motorola, alitoa fomula ya jinsi mkondo wa umeme unavyosukuma atomi za nyaya nyembamba ndani ya chipu, kidogo kidogo, hadi waya unakatika. Kadiri mkondo na joto vinavyozidi, ndivyo siku zinavyopungua. Anayefanya ovakloki anachota kutoka akiba ile ile. Historia yote ninayosimulia hapa ni ya nani aliyeichota, na nani aliyelipa.

1984: kristali ya bei ndogo

Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, mwaka 1981, ilikuwa na prosesa ya Intel 8088 ya megahezi 4.77. Mwaka 1984 IBM ikatoa PC AT yenye Intel 80286 ya megahezi 6. Kasi ilitoka kwenye kristali ya megahezi 12 iliyochomekwa kwenye ubao mkuu, na mapigo yake yaligawanywa kwa mbili. Watu wakagundua kwamba ukiichomoa na kuweka ya megahezi 16, mashine inakwenda 8. Kazi ya dakika chache, kristali yenyewe bei yake ni ndogo sana, na kasi imepanda kwa theluthi.

IBM haikufurahi. Katika BIOS ya baadaye iliweka kipimo: mashine ikijikuta inakimbia kuliko ilivyopangwa, inakataa kuwaka. Mwaka 1986 IBM yenyewe ikauza AT ya megahezi 8. Kumbe akiba ilikuwapo tangu mwanzo, na ugomvi ulikuwa ni nani mwenye haki ya kuitumia, aliyeuza au aliyenunua. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Katika miaka ya 1990 walitokea watu wa tatu: wafanyabiashara waliofuta maandishi kwenye prosesa na kuchapa kasi ya juu zaidi, kisha wakaiuza kwa bei ya ile ya juu. Mnunuzi alikuwa amefanyiwa ovakloki bila kuambiwa. Akiba ikaingia mfukoni mwa mchuuzi, na kompyuta iliyokuwa ikizima ovyo ikabaki kwa mteja. Hiyo ni moja ya sababu Intel ilianza kufunga kizidishi, ile namba inayoamua prosesa ipige mara ngapi kwa kila pigo la ubao.

1998: Celeron 300A

Kila anayependa ovakloki anaijua hii. Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A kwa dola 149. Kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5 na mapigo ya ubao yalikuwa megahezi 66, jumla 300. Lakini mapigo ya ubao hayakufungwa. Ukiyaweka 100, prosesa inakwenda 450, sawa na Pentium II ya juu kabisa ya wakati huo, ambayo bei yake ilizidi dola 600. Chipu nyingi zilikubali kasi hiyo bila kelele, wakati mwingine kwa volti zile zile.

Iliwezekanaje? Kiwanda kilikuwa kimeshajua kutengeneza chipu nzuri kuliko soko la bei ya chini lilivyohitaji. Chipu nyingi zilipewa namba ya 300 kwa sababu za biashara, wala silikoni yake haikuwa dhaifu. Akiba ilikuwa nono kuliko kawaida. Kizazi kizima cha vijana kikajifunza kwamba namba ya kiwandani ni ya kudharauliwa. Somo hilo lilikuwa kweli kwa chipu ile na mwaka ule. Tatizo ni kwamba limeendelea kusimuliwa kana kwamba ni sheria ya dunia.

2000: kiwanda chenyewe chachota

Machi 2000 AMD ilifika gigahezi 1, na siku mbili baadaye Intel nayo ikatangaza. Mashindano yakapamba moto. Mwisho wa Julai mwaka huo Intel ikatoa Pentium III ya gigahezi 1.13. Thomas Pabst wa tovuti ya Tom's Hardware alipoipima aliona haitulii, na wapimaji wengine wakathibitisha. Mojawapo ya kazi zilizoiangusha ilikuwa kukompaili kiini cha Linux. Tarehe 28 Agosti 2000 Intel ikaiondoa sokoni. Kasi hiyo ilirudi mwaka 2001, kwenye chipu ya teknolojia mpya zaidi.

Sisi waandika programu tuliangalie jambo hili kwa makini. Prosesa ile haikutoa moshi. Ilikosea hesabu tu. Watu wanapozungumzia hatari ya ovakloki wanafikiria kuungua, lakini prosesa za kisasa hujipunguza kasi zenyewe zikichemka, na zikizidi kuchemka huzima. Hatari iliyo kimya ni prosesa inayosema 7 mahali pa 8 mara moja kwa siku tatu. Kwenye mchezo utaona nukta ya rangi isiyo yake. Kwenye daftari la madeni hutaona kitu, mpaka mwenye boti aje analalamika, na wewe utatafuta kosa kwenye programu wiki nzima wakati programu haina kosa.

2004: ukuta

Kwa miaka mingi kulikuwa na neema moja iliyofanya kila kizazi cha chipu kiwe cha kasi zaidi bila kuchemka zaidi. Robert Dennard wa IBM na wenzake waliieleza mwaka 1974: ukipunguza ukubwa wa transista, unaweza kupunguza na volti zake kwa kiasi hicho hicho, hivyo joto kwa kila milimita ya mraba linabaki lile lile. Lakini volti hazishuki milele. Zikiwa ndogo mno, transista inavuja umeme hata ikiwa imezimwa.

Ukuta huo ulionekana wazi mwaka 2004. Februari Intel ilitoa Pentium 4 iliyoitwa Prescott, ya nanomita 90, na wati zake zilivuka 100. Mei ikafuta mradi wa Tejas uliokusudiwa kuirithi. Oktoba ikafuta Pentium 4 ya gigahezi 4, na mkuu wa kampuni, Craig Barrett, akapiga goti jukwaani mbele ya mkutano kuomba radhi kwa mzaha. Kasi iliishia 3.8. Tangu hapo kampuni ziligeukia kuongeza idadi ya viini, ndiyo maana leo hata simu ina viini vinane.

2008 hadi 2024: akiba inauzwa rejareja

Novemba 2008 Intel ilitoa Core i7 yenye kitu kinachoitwa Turbo Boost. Prosesa inajiangalia joto na wati, ikiona kuna nafasi inajiongezea kasi, ikichemka inashuka. Kwa maneno mengine, kiwanda kilianza kukufanyia ovakloki chenyewe na kukuuzia. Kuanzia 2011, kwenye kompyuta za kawaida za Intel, ukitaka uhuru wa kupandisha zaidi ilibidi ununue modeli yenye herufi K mwishoni. Januari 2012 Intel hata ilianza kuuza bima: lipa dola kadhaa, ukiiunguza kwa ovakloki utapewa nyingine mara moja. Bima hiyo ilisitishwa mwaka 2021.

Hapo ndipo akiba ilipozidi kupungua. Chipu ilipotoka kiwandani ilikuwa tayari imekamuliwa karibu na mwisho wake. Januari 2023 Core i9-13900KS ilifika gigahezi 6, na Machi 2024 14900KS ikafika 6.2. Halafu watu wakaanza kuona kompyuta zao za kizazi cha 13 na cha 14 zikianguka, hata za wale ambao hawakugusa chochote kwenye BIOS. Julai 2024 Intel ilieleza kwamba maikrokodi yake ilikuwa ikiomba volti za juu kupita inavyofaa. Baadaye ikaongeza kwamba saketi inayosambaza mapigo ilikuwa inazeeka mapema kwa sababu ya volti na joto. Maikrokodi mpya zilitolewa kuanzia Agosti 2024 na waranti ikaongezwa miaka miwili. Lakini chipu iliyokwisha kuzeeka haiponi kwa programu. Atomi zilizohama hazirudi.

Kwa hiyo ndani ya miaka arobaini mkono uliochota umebadilika: mnunuzi, mchuuzi, kisha kiwanda. Hesabu ya volti haikubadilika.

Na sisi huku?

Afrika Mashariki tumeingia katika historia hii kwa mlango tofauti. Kompyuta nyingi zilizofika shuleni na maofisini mwetu zilikuwa zimetumika ng'ambo kwanza. Computers for Schools Kenya, iliyoanza mwaka 2002, ilijenga kazi yake yote juu ya kuzikarabati mashine kama hizo na kuzipeleka shuleni. Kazi nzuri sana. Ila tukumbuke kwamba mashine ya namna hiyo inafika ikiwa sehemu ya akiba yake ya uzee imeshaliwa na mwenye nayo wa kwanza.

Kuna waliotengeneza mashine kwa kugeuza hesabu kichwa chini. Rwanda ilikuwa mojawapo ya nchi za Afrika zilizopokea kwa wingi laptopu ndogo za XO za mradi wa OLPC. Prosesa yake ilikuwa AMD Geode ya megahezi 433 tu, wakati laptopu za dukani zilikuwa na gigahezi 2. Watu waliicheka. Lakini haikuwa na feni, kwa hiyo haikuwa na tundu la kuvuta vumbi, na mashine nzima ilikula wati chache tu. Aliyeipanga alikuwa amewaza kuhusu darasa lisilo na umeme.

Wengine ni wachimbaji wa Bitcoin. Katika hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, tangu 2020 kuna makontena ya mashine za kuchimba karibu na kituo cha umeme wa maji cha Luviro. Hapa Kenya, Gridless, kampuni iliyoanza 2022 na ambayo Erik Hersman ni mmoja wa waanzilishi, inaweka mashine kama hizo kwenye vituo vidogo vya umeme vyenye ziada. Usipende Bitcoin ukitaka, lakini biashara hiyo imewalazimisha wahusika wake duniani kote kuhesabu kila jouli. Mashine maarufu ya 2016, Antminer S9, ilihitaji karibu jouli 98 kwa kila terahashi. S19 Pro ya 2020 ilihitaji karibu 30. Na wenye mashine za zamani walipoona umeme unawala, wengi hawakuongeza kasi. Walishusha volti na mapigo pamoja, mashine ikatoa kidogo kwa saa lakini ikatumia umeme kidogo zaidi kwa kila hesabu.

Sasa twende Remba

Kijana mmoja anayeniangalizia ile kompyuta aliniuliza: "Fundi, si unaweza kuiongezea moto kidogo?" Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachukua muda, na alikuwa amesoma habari za akina Celeron. Swali ni zuri. Tulikaa tukapiga hesabu, na hii ndiyo yenyewe.

Kwanza, joto la mahali. Tuseme kipoozaji cha prosesa, kikiwa safi, kinaipandisha chipu nyuzi 0.4 kwa kila wati. Wati 65 zinaongeza nyuzi 26. Katika chumba cha nyuzi 20 chipu inakaa kwenye 46. Chini ya mabati saa nane mchana tuseme ni nyuzi 35, basi inakaa kwenye 61. Bado salama. Lakini kipoozaji cha Remba hakikai safi. Kuna vumbi, kuna moshi wa kukaushia samaki, na kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu na kujazana kwenye feni. Tuseme uwezo wake umeshuka nusu, sasa ni nyuzi 0.8 kwa wati. Wati 65 zinakupa nyuzi 87. Wati 94 za ovakloki zinakupa 110, na hapo prosesa itajipunguza kasi yenyewe au kuzima. Yaani kasi uliyoiongeza haitaonekana kabisa mchana.

Kuna na jambo ambalo watu wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ina uzito wa karibu asilimia 88 tu ya ile ya Mombasa. Feni inazunguka vilevile, lakini inasukuma hewa pungufu kwa asilimia 12 hivi.

Pili, umeme. Kiwango cha pawasaplai za kompyuta za mezani huruhusu ile njia ya volti 12 iyumbe asilimia 5 juu au chini. Jenereta ndogo inayolisha friji, redio, taa na chaji za simu kwa pamoja huyumba kila mmoja anapochomeka au kuchomoa. Pawasaplai nzuri huficha sehemu kubwa ya kuyumba huko, pawasaplai ya zamani huficha kidogo. Kile isichokificha kinakatwa kwenye akiba.

Tatu, uzee. Tazama zile kapasita zinazosimama kama mikebe midogo kwenye ubao. Kapasita ya kawaida huandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukishuka nyuzi 10 maisha yake huongezeka maradufu. Kwa nyuzi 75 ni saa 16,000: ukiiwasha saa nane kwa siku, ni kama miaka mitano na nusu. Kwa nyuzi 85 ni saa 8,000, haifiki miaka mitatu. Hewa ya moto kutoka kwenye prosesa inazipiga kapasita hizo moja kwa moja.

Basi ukizijumlisha, unaona kwamba joto la mahali, umeme usiotulia na uzee, yale mambo matatu ambayo akiba iliwekwa kuyalipia, yote yapo Remba kila siku. Kijana wa Ulaya mwenye chumba baridi na umeme uliotulia anachota kitu asichokihitaji. Remba kitu hicho kinatumika tayari. Hakuna cha kuchota.

Tukajaribu upande wa pili. Kasi ishuke asilimia 20, volti zishuke asilimia 10: 0.8 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.65. Wati 65 zinakuwa 42, na kwa kipoozaji kile kichafu chipu inakaa kwenye nyuzi 69 badala ya 87. Betri ya 12V na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi haifai kukamuliwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Tuseme skrini na vingine vyote vinakula wati 55. Kwa ovakloki, prosesa ikifanya kazi mfululizo, unapata saa 4. Kwa kawaida saa 5. Kwa kasi iliyoshushwa saa 6 na kidogo.

Nisiwafiche upande mwingine. Ripoti iliyochukua dakika 60 sasa itachukua 75, na ukihesabu umeme wa kumaliza ripoti moja, tofauti ni ndogo sana, kwa sababu skrini inaendelea kula wakati unasubiri. Faida iko kwenye joto na kwenye miaka, na kwenye zile saa ambazo mashine imewashwa watu wakiwa wanaandika kilo tu. Ambaye kazi yake ni kutengeneza video mchana kutwa huenda akachagua tofauti.

Na tahadhari moja kwa wanaopenda kushusha volti peke yake na kuacha kasi ilivyo. Joto linapungua kweli, asilimia 5 ya volti inakupa karibu asilimia 10 ya joto. Lakini hiyo nayo ni kuchota akiba ile ile, ila unalipa kwa hesabu zinazoweza kukosewa. Ukishusha kasi na volti pamoja, akiba inabaki karibu ilivyokuwa. Kwa daftari la pesa nachagua njia hiyo.

Hivi ndivyo tulivyokubaliana kuiweka mashine ile:

1. Kasi ya juu kabisa imepunguzwa, Turbo Boost imezimwa kwenye BIOS, na volti zimeachwa zishuke zenyewe.
2. Feni inapulizwa kila Jumapili, na wavu mwembamba wa chandarua umefungwa mbele ya tundu. Unaoshwa kila wiki, vinginevyo utaziba hewa.
3. Pesti kati ya prosesa na kipoozaji inabadilishwa kila mwaka.
4. Nakala ya daftari inawekwa kwenye diski mbili za USB, moja inakaa ng'ambo.
5. Ripoti ya mwezi inaanzishwa jioni, mabati yakiwa yamepoa.

Na kasi je? Ile ripoti niliiangalia upya. Ilikuwa inasoma jedwali lote la samaki kwa kila mwenye boti. Faharasa moja kwenye hifadhidata imeishusha kutoka karibu saa nzima hadi chini ya dakika mbili, bila volti hata moja kuongezwa. Sisi waandika programu tuna akiba yetu wenyewe, imelala kwenye msimbo. Hiyo ukiichota haichemshi kitu wala haizeeshi kitu, kwa hiyo kabla hujaingia kwenye BIOS, ianze hiyo.

Haya, kwa leo naishia hapo. Safari ijayo tutazungumzia pawasaplai: jinsi ya kuitambua nzuri kwa kuipima uzito mkononi, na kwa nini inayoandikwa wati 500 wakati mwingine haitoi hata 250. Tuonane.